Lundo la Mama Pimbi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba na masufuria yao, Mama Pimbi alikuwa ameinama anafagia njia ya kisimani, fya, fya, fya, Chiriku akatua juu ya ufagio.

"Mama Pimbi, umesikia? Kesho jioni Mzee Nyati, mkuu wetu, anataka kila mtu aonyeshe lundo la kazi yake ya siku moja. Lile kubwa kuliko yote atalikalia atoe hukumu. Asiye na lundo atahama kisimani."

Mama Pimbi alinyooka, mgongo ukalia ko. Tangu alfajiri hakuwa ameketi. Lakini maji aliyoteka yalishakwisha, uji ulishanywewa, na njia aliyoifagia, Tembo alishaipitia na kuichafua. Kila usiku moyo ulimwambia neno lile lile: leo tena hujafanya kitu.

"Nitahamia wapi na watoto hawa?"

Akautazama ufagio. Kisha akacheka peke yake.

Kesho yake alifanya kazi zake zile zile, ila hakutupa kitu bondeni. Majivu, maganda ya ndizi, miiba ya njiani, nyasi walizokojolea watoto, vyote alivirundika karibu na kisima. Kinyesi cha Tembo peke yake kilitosha kuwa kilima. Juu akatandaza majani mabichi ya mgomba, safi kama mkeka.

Jioni Tembo alileta magogo. Nyati akayapita.

"Hili la nani, kubwa hivi?"

"Langu, mzee. Karibu ukae."

Nyati akapanda kwa madaha. Pwaa! Akazama hadi tumboni.

"Wewe Pimbi, nini hiki?"

"Kazi yangu ya siku moja, mzee. Huwa huioni kwa sababu huwa naiondoa."

Tembo akatazama pembeni. Harufu aliifahamu.

"Basi iondoe."

"Niliambiwa nionyeshe lundo, nimeonyesha. Au halitoshi?"

Nyati akapiga chafya ya majivu. "Linatosha. Hamhami."

Yeye na Tembo wakabeba uchafu bondeni mpaka jua likazama.

Nyumbani Mama Pimbi akapakua ugali na mlenda. Vyombo vya mchana bado vilikuwa vichafu. Akaviangalia, akaviacha, akaketi.

"Kombo?" akawaita watoto wake.

"Nipo."

"Mize?"

"Nipo. Na Riziki huyu hapa, ameshaanza kula."

"Na mama je?" akauliza Kombo.

"Mama yupo, amekaa. Kuleni."

Kazi isiyoacha lundo nayo ni kazi, wanangu, na aliyeifanya ana haki ya kuketi.