Kipande Alichokificha Tunsume

Soma hii polepole, halafu mtumie mwenye mtoto shuleni.

Mwalimu Lugano alifundisha Maarifa ya Jamii darasa la nne kwa namna yake. Somo alilikata vipande vinne, watoto akawaweka wannewanne, na kila mmoja akamfundisha kipande kimoja tu. Mtoto akishaelewa, alirudi kwenye kundi lake kuwafundisha wenzake. Vitabu vilikuwa viwili darasa zima, kwa hiyo usipofundishwa na mwenzako, ndiyo basi.

Tunsume alikuwa na kichwa chepesi, na alijijua. Kila muhula alikuwa wa kwanza, na hakutaka kusikia habari ya nafasi ya pili. Kundini mwake alikuwamo Nsajigwa, mzito wa kushika mambo, aliyekwisha kurudia darasa. Baba yake alishasema: akifeli tena, anaacha shule akachunge ng'ombe.

Nsajigwa alipewa mito. Alimweleza Tunsume habari za mto Kiwira akichora chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena.

"Unaishia Ziwa Nyasa. Haya, sasa nieleze wewe."

Tunsume akaeleza. Nsajigwa akatabasamu.

Tunsume yeye alipewa ngazi za uongozi. Zamu yake ilipofika, alitaja kitongoji na kijiji, akanyamaza. Kata, tarafa na wilaya akabaki nazo mwenyewe.

"Ndiyo mwisho?" Nsajigwa akauliza.

"Ndiyo mwisho," akajibu, macho pembeni.

Mtihani ukaja. Tunsume akawa wa kwanza. Nsajigwa akafeli kwa swali moja tu.

Siku ya matokeo Mwalimu alimwita Tunsume mbele, watoto wakapiga makofi.

"Swali la mito umepata lote. Nani alikufundisha?"

"Nsajigwa, Mwalimu."

"Nsajigwa amekosa ngazi za uongozi. Nani alimfundisha?"

Makofi yalikoma. Tunsume hakujua auweke wapi uso wake.

Mwalimu alikwenda kumwomba baba yake Nsajigwa amwache mtoto asome, akarudi mikono mitupu. Shule ilipofunguliwa, Nsajigwa hakuwepo.

Jumamosi moja Tunsume alimfuata malishoni. Machozi yalimtoka kabla hajafungua mdomo.

"Nisamehe, Nsajigwa. Nilikuficha. Baada ya kijiji kuna kata, halafu tarafa, halafu wilaya."

Nsajigwa aliegemea fimbo yake.

"Nilijua pana kitu kinapungua," alisema. "Nilidhani na wewe hukuelewa. Nikaona nikikubana mbele ya wenzetu, utaaibika."

Ng'ombe mmoja alikuwa anaelekea kwenye mahindi ya watu. Nsajigwa akamkimbilia, Tunsume akabaki amesimama palepale, analia.

Funzo: Aliyekufundisha kwa moyo wote, nawe mfundishe hivyohivyo. Ukimficha unachokijua ili umpite, siku moja utageuka nyuma usimwone.