Kiti Kimoja cha Kurudi Nyumbani

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto ampakate vizuri, maana safari yetu ni ndefu. Tunakwenda kwenye mwezi mdogo ulio nyuma ya nyota, ambako vumbi huanguka taratibu kama sufi inayopeperushwa, na mwanga wake daima una rangi ya chai ya maziwa. Huko hakuchi wala hakuchwi.

Kwenye mwezi huo kilikuwepo kikosi kidogo cha askari. Mkuu wao alikuwa Siwema, mwanamke mpole asiyependa kupaza sauti. Chini yake walikuwa watatu. Machano alikuwa na viganja vinavyosikia: akigusa ardhi, anajua kinachotembea chini yake. Mize alikuwa na macho ambayo hayakupitwa na kirukacho. Kombo hakuwa na kipaji cha vita. Alibeba maji, dawa na mitungi ya hewa, na aliyechoka alikuta mtungi wake umeshabadilishwa kabla hajaomba.

Walikuwa na desturi moja: kila adui ana mwenyewe. Mafuko, wale wadudu wakubwa wachimbao chini ya vumbi, walikuwa wa Machano. Popo wa chuma, wanaofuata mwanga, walikuwa wa Mize. Mtu hakugusa adui wa mwenzake, wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. "Wako huyo," waliambiana, basi.

Siku moja walitumwa ng'ambo ya bonde kumchukua mtoto mchanga, wa pekee aliyesalia katika kituo kilichovamiwa. Mama yake alikuwa amemlaza ndani ya kisanduku chenye hewa, akamfunika kwa shati lake. Siwema akakifunga kisanduku kifuani kwa mkanda, nao wakaanza kurudi kwenye chombo kidogo, ambamo rubani aliyetumwa kumpeleka mtoto nyumbani alikuwa akiwangoja.

Bonde zima lilikuwa limejaa mafuko. Machano akavua glavu.

"Kaka, vaa," Mize akamwambia. "Baridi hii itakuua vidole."

"Glavu inanifanya kiziwi. Nifuateni, na Kombo aache kukanyaga kama ng'ombe."

Akatambaa mbele, kiganja kitupu juu ya vumbi. "Kushoto. Simameni. Haya, pole pole." Siwema aliwasikia mafuko wakipita chini ya nyayo zake, kama mtoto anavyojigeuza tumboni. Hakuna aliyeguswa. Lakini vidole vya Machano vilikuwa vimegeuka vyeupe, havikunjiki wala havikunjuki.

Wakiwa katikati ya bonde, popo wakaja. Machano hakuinua hata kichwa, maana hawakuwa wake. Mize akamwona mmoja akiushukia mgongo ule ulioinama. Akawasha taa ya kofia yake, akakimbia peke yake pembeni, na kundi lote likamfuata. Aliwapiga huku anakimbia, mmoja mmoja, wakianguka polepole kama majani makavu. Wa mwisho alimfikia risasi zimeisha. Akamvunja taa, na akamharibia jicho moja. Mize akamponda kwa kitako cha bunduki.

Kombo alimfunga kitambaa. "Unaniona?"

"Nakuona nusu," Mize akasema. "Kwa sura yako inatosha."

Walipokikaribia chombo, dubwana la mawe likainuka mbele yao. Hawakuwahi kuliona, wala hawakuwa na jina lake. Hapo ndipo desturi yao ilipowageuka.

"Mize, wako huyu?" Machano akauliza.

"Haruki. Wako wewe."

"Hachimbi."

Wakasimama wakimngoja mwenyewe, na dubwana linakuja. Siwema alikikumbatia kisanduku, akafungua mdomo kutoa amri, asijue amwite nani.

Kombo akatua mizigo. "Basi wangu. Mimi sijawahi kupewa hata mmoja."

Alikuwa ameona kwamba kila baada ya hatua chache dubwana lilifungua kifua kuvuta pumzi. Mitungi ya akiba ilikuwa imekwisha, umebaki wa mgongoni mwake. Akauvua, akaenda mpaka miguuni pa lile jiwe, na kifua kilipofunguka akausukumia ndani. Mtungi ukapasuka. Dubwana likaanguka bila haraka, na vumbi likalifunika kama shuka. Siwema alimpa Kombo hewa ya mtungi wake mpaka chomboni, lakini vumbi lilikuwa limeshaingia mapafuni.

Sasa sikilizeni. Chombo kilikuwa na nafasi ya rubani, ya mtoto, na ya mmoja wa kumpakata. Kingine kingekuja mtoto akiwa ameshajua kutembea. Nyumbani kulikuwa na tiba ya vidole, ya jicho na ya mapafu, ikiwahiwa. Kusubiri kusingemuua mtu, ila atakayesubiri hatapona. Siwema mwenyewe, kama mkuu, alikuwa wa kuondoka mwisho.

"Afande, sitaficha, nataka kwenda," Machano akasema. "Bila mkono wangu tungeishia bondeni."

"Na mkono wako ungekuwa tumboni mwa nani, popo angekufikia?" Mize akamuuliza. "Nilikibeba kifo kichwani kama ndoo ya maji, ili nyinyi mpite."

Kombo alikohoa kwanza. "Wenzangu mlifanya kazi zenu, na mlizifanya vizuri. Mimi nilifanya isiyokuwa yangu."

"Ndiyo," Machano akasema, "lakini ungelifikiaje lile dubwana bila sisi?"

Mtoto akalia kidogo, na wote watatu wakanyamaza ili asishtuke. Siwema akawatazama: yule wa vidole, yule wa jicho, yule wa pumzi. Aliwapenda sawasawa, na hilo ndilo lililomtesa.

"Afande," rubani akaita, "nipe jina, nifunge mlango."

Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, kisanduku kiko kifuani mwako sasa. Je, utamkabidhi nani?