Ukili Chini ya Kitanda

Ndugu zangu, kabla sala haijakimiwa, hebu kila mmoja atazame alichokalia. Mkeka. Na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, mmekalia hicho hicho. Kila siku tunakuja hapa, tunaukanyaga, tunasujudu juu yake, na sidhani kama kuna aliyewahi kujiuliza nani aliushona. Leo nitawapa mfano wa mkeka. Ni mfano wa huzuni, nawaambieni mapema, asije mtu akasema nimemvizia.

Palikuwa na mwanamke mmoja akiishi na mama yake. Jina simpi, kwa sababu mfano ukipewa jina kila mtu humgeukia jirani. Mumewe alikuwa amefariki, watoto hakujaaliwa, na mama yake alikuwa mtu mzima wa kushikwa mkono kwenda kutawadha. Wakabaki wawili ndani ya nyumba, huyu akimtazama yule.

Mwanamke huyu alijua kusuka ukili. Mnaujua ukili: ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, ambao vipande vyake hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukapatikana mkeka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akikaa uani anawafukuza kuku kwa mdomo, na ukili unarefuka wenyewe mikononi. Lakini ukishakwisha, aliuviringisha akausukuma chini ya kitanda. Kushona hakushona. Chini ya kitanda kile palijaa hata paka akakosa pa kuzalia.

Sasa mtaniuliza, alimwogopa nani? Alipokuwa msichana alishona mkeka wake wa kwanza, akautandika kwa furaha siku ambayo nyumba ina wageni. Shangazi yake akautazama, akacheka, akasema mbele ya watu: "Huu mkeka au njia ya nyoka?" Uani kote wakaangua kicheko. Shangazi akamaliza chai yake, akavaa buibui lake, akaenda zake. Msichana akaufumua mkeka wote siku ile ile, na neno lile likabaki naye. Aliolewa nalo, akafiwa na mume nalo, akaota mvi nalo.

Jamani, sisi nasi tumeacha maneno mangapi kwenye nyumba za watu, tukavaa viatu tukaondoka? Hilo ni darasa la siku nyingine, lakini limepita mbele yangu nikaona nilishike mkono.

Tuendelee. Mama yule alikuwa na mkeka wake wa kusalia, na ulikuwa umechakaa pale anapoweka magoti na pale anapoweka paji la uso. Sehemu nyingine zote zilikuwa nzima. Kwenye matundu alitia kanga iliyokunjwa, akasali hivyo. Binti yake alikuwa akiiona ile kanga kila siku, na kila siku ilimchoma.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mkeka wangu lini?"

"Bado, mama. Mkono haujakaa sawa."

"Na utakaaje sawa, nawe hushoni?"

Binti akaenda dukani akanunua mkeka wa plastiki, mzuri, una maua. Mama akaupapasa, akashukuru, akasema, "Huu tuwatandikie wageni. Wa kusalia nataka wa mkono wako."

"Wa mkono wangu utapinda, mama."

"Upinde. Mimi mwenyewe mgongo umepinda, na Mola wangu bado ananipokea. Ataukataa mkeka?"

Mnamsikia bibi huyo? Mimi nimesoma miaka, sikuwahi kumjibu mtu vizuri hivyo. Na hata hivyo binti hakusikia, kwa sababu sikio lake lilikuwa na mwenyewe tangu zamani.

Basi siku moja baada ya alasiri moyo ulimsuta. Akavuta ukili, akachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, akakaa uani akaanza. Akaunganisha vipande viwili. Akashika cha tatu, akakitazama, akaona kinakwenda upande. Kilikwenda upande kweli? Allah ndiye ajuaye. Yeye alimsikia shangazi yake anacheka. Akaanza kufumua.

Mama yake, aliyekuwa ndani amejilaza, akasikia majani yanachakarika. Akaita: "Mwanangu, unashona?"

Na binti, huku uzi anauvuta nje, akajibu: "Nashona, mama."

"Alhamdulillahi," mama akasema.

Kuanzia hapo kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa habari hiyo hiyo: binti yangu ananishonea mkeka. Aliitoa kwa furaha, kama anatangaza harusi. Binti akipita na birika la chai anainamisha kichwa, na wageni wakadhani ni haya.

Waswahili tunasema majuto ni mjukuu. Mwanamke huyu hakuwa na mtoto, lakini mjukuu huyo alimpata. Alfajiri moja aliingia kumshika mama yake mkono akatawadhe, akaukuta mkono wa baridi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wanawake wa mtaani wakaja, kama mnavyokuja nyinyi, mmoja na ndoo, mmoja na ubani, mmoja na machozi tu. Mwosha akaanza kazi yake. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa vitendo asiyependa kuzunguka, akamwendea mfiwa akamwambia kwa upole: "Mama yako alituambia unamshonea mkeka. Ulete, tuutandike ndani ya jeneza alale juu yake."

"Haujaisha," mfiwa akasema.

"Umebaki kiasi gani?"

Alipiga magoti akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta ukili mmoja ulioviringishwa, akavuta wa pili, akavuta tena. Uliendelea kutoka mpaka sakafu ikawa haina pa kukanyaga. Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Wote huu?" Hakuna aliyemlaumu. Jirani alivua buibui, akakaa chini, akasema, "Leteni shazia mlizonazo majumbani. Mazishi ni baada ya adhuhuri."

Wakakaa duara, wakashona. Na mfiwa akapewa sindano na upande wake, maana mtaani kwetu huwezi kukaa unalia huku wenzako wanafanya kazi ya mama yako. Akashona. Machozi yalimfanya asione vizuri kipande kinakwenda wapi. Palipopinda palipinda, akaendelea, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na wakati wa kufumua.

Mkeka ukaisha. Ukatandikwa ndani ya jeneza, mama akalazwa juu yake, wanaume wakabeba. Mwanamke yule akasimama mlangoni akautazama mkeka alioombwa akiwa na mama hai, unatoka na mama maiti. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, nisamehe."

Walipotoka makaburini, wakarudisha jeneza msikitini na mkeka wakaurudisha nyumbani, umekunjwa. Ukatandikwa uani, waliokuja kuhani wakakaa. Na jioni akafika shangazi.

Naam, ni yule yule. Sasa bibi kizee, ametoka mji wa mbali, hakuwahi maziko. Akakaa, akalia na wenzake, na alipotulia mkono wake ukawa unapapasa alichokalia, kama wafanyavyo wazee. Akasimamisha mkono. Akauliza, "Nani kasuka ukili huu?"

Wanawake wakamwonyesha mfiwa kwa macho.

"Wewe?" akasema shangazi. "Mashallah. Kumbe una mkono mzuri hivi, na mimi nalala juu ya jamvi lililotoboka. Kwa nini hukuniletea mmoja, mwanangu?"

Yule mwanamke akamtazama. "Shangazi, unaukumbuka mkeka niliotandika hapa nilipokuwa msichana? Ulisema ni njia ya nyoka."

Bibi kizee akafikiri. Alifikiri kwa dhati, hakuwa anajifanya. Akatikisa kichwa. "Mkeka gani, mwanangu? Mimi sikumbuki mkeka wowote."

Hapo ndipo alipolia kilio ambacho makaburini hakikumtoka, kwa kuwa hakwenda, na mlangoni hakikumtoka. Alilia mpaka shangazi akaogopa. Umri wake wote alikuwa akimtii mtu ambaye hata hakumbuki kama aliwahi kumwamrisha. Na kwa utii huo, mama yake alisali juu ya matundu.

Ndugu zangu, hapa sasa natoka uani kwa yule mwanamke, nakuja kwetu sisi. Chini ya kitanda chako kuna nini? Kuna kijana hapa anasoma Kurani vizuri, nimemsikia akiwa peke yake, na nikimwambia asomeshe watoto ananijibu, "Bado, ustadhi." Kuna fundi anaogopa kufungua kazi yake. Kuna mama nyuma ya pazia anajua dawa ya mafarakano ya familia yake, neno analo, lakini anaona si msemaji. Tunaita unyenyekevu. Tunasema, mimi nani bwana. Unyenyekevu gani huu unaomwacha mama yako apige goti kwenye sakafu? Huo ni woga, umevaa kanzu nyeupe.

Sisemi kazi yako haitapinda. Itapinda! Ya kwanza itapinda, na labda yupo atakayecheka, kisha atakunywa chai yake na atasahau. Wewe usimhifadhie kicheko chake.

Mwanamke yule, mtauliza, aliishia wapi? Alishona. Alimshonea shangazi, akamshonea jirani, akashona na ya msikitini. Chini ya kitanda chake sasa pana paka na watoto wake. Lakini ule mkeka uliorudi kutoka makaburini alibaki nao mwenyewe, akausalia. Aliutafuta upande alioushona yeye, aujue, na hakuweza kuutambua. Kila siku akisujudu anaomba, na pale pa paji la uso pameloana kabla hapajachakaa. Mkeka ulirudi. Mama hakurudi.

Basi mwenye mama hai asikie. Mwenye mtu anayemngoja asikie.

Na mtu asiniambie anasubiri anyooke kwanza. Hivi sasa muadhini atakimu, na mimi nitasema kama ninavyosema kila siku, nyoosheni safu. Mmewahi kuona safu inanyooshwa watu wakiwa wamekaa? Husimama kwanza, hivyo hivyo walivyo, huyu mbele kidogo, yule nyuma kidogo, kisha bega likatafuta bega. Haya, muadhini. Simameni.