Tarumbeta la Mlembwe

"Kizuri afichwacho mgeni kina mwenyewe." Mama yenu mdogo aliyasema maneno hayo asubuhi, alipomwona jirani akiiingiza ndani baiskeli yake mpya kwa haraka, maana mwenyekiti wa kijiji alikuwa anakuja. Mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka huku huku kwetu Upare, nyumbani kwa shangazi yangu Nakijwa, nami niliyasikia kinywani mwake. Basi sikilizeni yalivyozaliwa.

Shangazi aliolewa na Mzee Semvua, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya reli kule tambarare. Alipostaafu alirudi mlimani akiwa na mapenzi makubwa ya vitu vya zamani vya shaba. Taa za reli, mizani, kengele, birika zilizopinda midomo, vyote alivinunua vikiwa vimeota kutu ya kijani, akakaa navyo barazani na ndimu na majivu, akavisugua mpaka vikang'aa. Sebule yake ilikuwa kama duka lisilouza kitu. Jumapili watu walipotoka kanisani walipita kwake kutazama, naye alimweleza kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, hiki kilipatikana wapi na kile kilitumikaje.

Fahari ya sebule ile ilikuwa tarumbeta kubwa la bendi, lile la sauti nzito ambalo mpigaji hulivaa begani. Mdomo wake ulikuwa mpana kama ungo. Wageni waliinama wakaziona nyuso zao humo.

Lakini shangazi aligundua jambo. Wakija wageni wengine, tarumbeta liko wazi. Akija mtu yeyote wa Mlembwe, kijiji cha ng'ambo ya bonde, Mzee Semvua alinyanyuka hata salamu hazijaisha, akalifunika kwa blanketi, kisha akamkaribisha mgeni akae nje.

"Ndani kuna vumbi," alisema. Siku nyingine, "Ndani mama ameanika mahindi." Mahindi yenyewe hayakuwapo.

Mwanzoni shangazi aliwaza yale ambayo mke yeyote angewaza. Alidhani huko Mlembwe kuna mwanamke, na mumewe anaogopa wageni wa huko wasije wakateleza ulimi. Akawa anawasindikiza wageni hao wakiaga, akiwachimba kidogo kidogo njiani. Hakupata kitu. Hapo akaacha kuwachunguza wageni, akaanza kulichunguza tarumbeta.

Mumewe alipokwenda shambani aliligeuza. Ubavuni, mahali ambapo huchorwa jina la mwenye mali, palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa. Aliyekwangua alifanya kwa nguvu na kwa haraka, akaacha mikwaruzo ambayo ndimu na majivu havikuweza kuiondoa. Shangazi alilirudisha lilivyokuwa, asiseme neno. Ila tangu siku ile, kila alipompakulia mumewe makande, alijikuta akimtazama mikono.

Siku moja akaja Mwalimu Kadeghe, mkuu wa shule ya Mlembwe. Zamani shule hiyo ilivuma kwa bendi yake. Kisha maporomoko ya udongo yaliangusha madarasa, ikafungwa, na sasa ilikuwa inakaribia kufunguliwa tena. Mwalimu alikuja kumwomba Mzee Semvua awe mgeni rasmi siku ya ufunguzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Tukae hapa hapa nje, maana ndani..."

"Ndani ni pasafi," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Nimefagia mwenyewe."

Mzee Semvua akasema basi ngoja atengeneze viti, akaingia na kurudishia mlango. Shangazi akazungukia jikoni. Alimkuta ameshika blanketi.

"Unamficha nani, Baba Elinihaki?"

"Simfichi mtu. Nalikinga vumbi."

"Vumbi la Mlembwe tu?"

Mzee akaendelea kulitandaza blanketi.

"Hili ni la nani?"

"Ni langu. Nililinunua. Mimi sijawahi kuiba hata msumari wa reli."

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Mweka hazina wa kamati ya shule yao. Alilileta limefunikwa kwa majani ya migomba, jina limeshakwanguliwa, akasema shule imefungwa na vitu vinaoza. Na kweli lilikuwa linaoza, Mama Elinihaki! Ningeliacha lingeyeyushwa likawa vikuku. Mimi ndiye niliyelifufua."

"Kamati ilimtuma aliuze?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukuuliza. Na hukuuliza kwa sababu ulijua." Shangazi akalishika blanketi upande wa pili. "Baba Elinihaki, kizuri afichwacho mgeni kina mwenyewe."

Walibaki wameshika blanketi lile, huyu huku na huyu huku. Kisha mzee akaliachia. Akaenda mlangoni, akafungua.

"Mwalimu, pita ndani."

Mwalimu Kadeghe aliliona tangu kizingitini. Alilizunguka polepole, akaweka kidole juu ya mikwaruzo.

"Mzee, ulilipata kwa Kilave?"

"Kilave ni nani?"

"Mlinzi wetu wa zamani. Lilipopotea watu walisema yeye ndiye aliyeliuza, maana funguo zilikuwa kwake. Akafukuzwa kazi. Mpaka leo akipita gulioni wapo wanaompigia tarumbeta kwa midomo."

Mzee Semvua alikaa chini, juu ya sakafu, kiti kikiwa karibu yake. Hilo hakulijua. Alidhani anaficha shaba tu, kumbe kulikuwa na mtu chini ya blanketi lile.

Kesho yake waliondoka pamoja, yeye na shangazi, tarumbeta likiwa ndani ya gunia. Walipita njia ya mferejini, ile isiyo na watu, mpaka nyumbani kwa Kilave. Walimkuta anatia mpini jembe. Mzee alieleza yote bila kujipamba, akamtaja aliyemuuzia, akaahidi kumtaja tena mbele ya kamati. Kisha akaomba radhi.

Kilave aliendelea kugonga mpini hadi ukakaa.

"Mmepita mferejini," akasema.

"Ndiyo."

"Barabara ipo. Inapita gulioni, na leo ni siku ya gulio. Litoe guniani, mzee wangu, ulivae begani, ulipeleke shuleni kwa njia hiyo. Atakayeuliza, mjibu."

"Na wewe?"

"Mimi nitatangulia mbele yako."

Basi wakaenda hivyo. Kilave mbele, mikono mitupu. Nyuma yake Mzee Semvua, mtu mzima mwenye heshima zake, amelemewa na shaba, jasho linamtiririka. Shangazi alifuata nyuma na gunia kwapani. Wauza ndizi walisimama. Wauza mbuzi waliacha kupatana bei.

"Mzee wa stesheni, hilo umelitoa wapi?"

"Nilinunua mali ya shule. Moyoni nilijua, nikanyamaza. Kilave hakuliuza."

Aliyasema hayo kwenye ndizi, akayarudia kwenye vyungu, akayarudia kwenye nguo, mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyepiga tarumbeta kwa midomo. Mweka hazina alikuwapo, anapimiwa mchele. Alipoliona tarumbeta lile linakuja aliacha mchele wake juu ya mizani, akapenya katikati ya mbuzi, na tangu hapo hakuonekana tena katika gulio lile.

Kilave hakurudi kazini. Alisema amekwisha kuzoea jembe. Mzee Semvua naye hakuwa mgeni rasmi, alikataa mwenyewe, na siku ya ufunguzi alisimama nyuma kabisa akisikiliza. Kisha, kila gulio lililofuata, alikuwa akitoa vitu vyake vyote barazani na kumwuliza kila apitaye, awe wa Mlembwe au wa wapi, "Kuna chenu hapa?" Kengele moja ilirudi kanisani kwake. Mizani ilirudi kwa chama cha wakulima. Sebule ikapungua, na mlango ukabaki wazi.

Wanawake wa gulioni walimwuliza shangazi aling'amuaje, wakati hakuona stakabadhi wala hakuambiwa na mtu. Akawapa yale maneno aliyomwambia mumewe wakiwa wameshika blanketi. Wakaenda nayo makwao, mpaka yakawafikia wasiomjua Semvua wala Mlembwe. Mama yenu mdogo naye hajui habari hizi. Anajua tu kwamba mali halali haikimbizwi ndani kwa sababu ya anayekuja njiani.

Kizuri afichwacho mgeni kina mwenyewe.