Siku Kalunde Alipokalia Kigoda cha Mtemi

Haya, sogeeni. Ilikuwa zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita. Wewe, toa kidole puani! Leo kuna pua nyingine ndani ya kisa.

Palikuwa na mfalme mmoja mkorofi, Zagamba. Alichoma vijiji, akachoma maghala, akachoma hata mizinga ya nyuki. Watemi wawili wakaungana kumkabili: Kasonda wa mashariki na Mpuya wa magharibi. Watu wao walikuwa watani tangu enzi za mababu, na utani mnaujua: mtani akikutukana hukasiriki, akichukua chako humshtaki.

Wakampiga Zagamba, wakampiga, wakampiga, mpaka wakakutana kijijini Igombe, uani kwa Kalunde, mjane wa watu, mzaliwa wa kwa Mpuya. Akawasongea ugali, wakala chungu kimoja.

"Kasonda," akasema Mpuya, "kwa pua hilo, Zagamba alidhani umekuja na ngao mbili!"

"Na wewe kwa miguu hiyo ya korongo, hakukuona kabisa!"

Wakacheka mpaka mboga ikapoa. Kalunde naye akacheka. Vita ile ilimzikisha mume na kaka wawili, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza.

Sasa sikilizeni. Zagamba kafa, nchi yake ailinde nani? Kasonda akasema, "Nitabaki upande huu kidogo, mpaka patulie." Mpuya akasema, "Basi nami nitabaki huu." Kidogo ikawa mwaka, mwaka ukawa mitatu. Kasonda akafua mikuki mia. Mpuya akasikia, akafua mia mbili. Kasonda akasikia, akafua mia tatu. Majembe yote yakageuzwa mikuki, watu wakalima kwa vijiti! Kisha ukajengwa ua wa miiba katikati ya Igombe, ukamtenga Kalunde, aliyebaki upande wa Kasonda, na binti yake Wande, aliyeolewa upande wa Mpuya, hatua arobaini tu kutoka kwa mama yake.

Na mnajua kilichowatisha watu zaidi? Watemi wale waliacha kutaniana. Wakaanza kutumiana salamu za adabu: "Mtukufu jirani yangu, u hali gani?" Loo! Watani wakiheshimiana hivyo, mjue mambo yameharibika.

Basi Wande akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Kalunde akamsikia ng'ambo ya ua: "Mama! Mama wee, njoo!" Akakimbilia langoni. Walinzi wakamzuia. "Rudi, mama. Ni amri."

Asubuhi hiyohiyo watemi walikuwa wamekuja langoni kuonyeshana majeshi, kila mmoja upande wake. Lango li wazi, kigoda cha Kasonda kimewekwa palepale. Kasonda akasimama kuinua mkuki. Kalunde akapenya katikati ya askari, puu! Akakikalia kigoda cha mtemi.

Mikuki yote ikamwelekea.

"Mtani wangu," akasema, "kigoda nimekichukua. Ukikitaka, nipe njia niende kwa mwanangu. Na usinitunishie hilo pua! Ulikula ugali wangu, mlafi wewe, mpaka chungu ukakilamba!"

Vidole vya Kasonda vikaubana mkuki. Akikasirika, anavunja utani waliouweka babu zake. Wande akalia tena, "Mama wee!"

Mara Mpuya, kule upande wake, kicheko kikamponyoka. "Kweli alikilamba! Nilimwona!"

"Nani alilamba?" Kasonda akafoka. "Miguu ya korongo wewe, si ndiwe uliyegombania ukoko na..."

Miaka mitatu alikuwa hajamtania mtu. Machozi yakamlengalenga, akageuza uso.

"Mpisheni mama," akasema.

Kalunde akakimbia hatua zake arobaini, akampokea mjukuu wa kike kwa mikono yake mwenyewe.

Mnataka niseme ua ulivunjwa? Haukuvunjwa, siwadanganyi. Mikuki ilibaki, na watemi wale walizeeka wakichunguliana. Ila lango lile halikufungwa tena. Na kila mwezi ulipoandama, mmoja alituma mtu kwenda kumtukana mwenzake, na mwenzake akajibu. Siku jibu lilipochelewa, hawakulala. Lakini lilikuja, na vita haikuja.

Basi, wajukuu zangu, uliyepigana naye bega kwa bega ukianza kumwogopa, usikimbilie mikuki. Nenda kamtanie, angali anakujibu.

Kichanga yule ndiye aliyemzaa bibi yangu. Kisa nimekitua hapa chini. Mwenye nguvu akijitwike, akifikishe kwao.