Kwa Nini Kiazi Hukaa Chini ya Udongo

Hapo zamani viazi vilikuwa bado havijaingia ardhini. Vilizaa juu, vikalala katikati ya majani yake kama maboga madogo, jua likivipiga kutwa. Kwa hiyo vilikuwa vya kijani, tena vichungu, na aliyevila alishinda amejikunja kwa msokoto wa tumbo. Watu wa milima ya baridi waliviacha viote kando ya nyua zao kwa ajili ya maua tu.

Ni kwenye milima hiyo alikohamia Asegelile na binti yake mchanga, Tusekile. Alikuwa ametoka bondeni, kando ya ziwa, kwenye migomba na mpunga. Mumewe alipofariki alimwachia kibanda huku juu na kijishamba nyuma ya jiko, ambacho mikeka michache ingekifunika chote. Jembe alilijua kidogo. Baridi hakuijua kabisa. Alipanda migomba, ikanyauka. Akapanda mahindi, umande ukagandia juu yake, yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Mwaka ule baridi iliwaonea wote, maghala yakabaki matupu. Siku moja jirani yake, Bibi Ipyana, alikuja na kikapu cha viazi vilivyosinyaa, kila jicho limechipua.

"Sina kingine, mwanangu," alisema. "Haviliki hivi, lakini ndivyo pekee vinavyokubali kuota kwetu. Angalau utaona kitu cha kijani nyuma ya nyumba yako."

Asegelile alivipokea kwa mikono miwili. Tangu matanga yaishe, hakuna mtu aliyekuwa amebisha mlangoni pake.

Hakujua jicho la kiazi lielekezwe wapi, akaliweka juu, kwa kuwa aliona kila chenye jicho hupenda kuona. Vikaota. Kila asubuhi alichuchumaa shambani, mtoto mgongoni, akatazama majani mapya. Viazi vichanga vilipoanza kutokeza kwenye mashina, jioni moja mawingu yalitawanyika na upepo ukatulia. Sasa aliijua dalili hiyo ya umande wa kuganda. Alipiga magoti akavuta udongo kwa viganja, akavifunika viazi vile taratibu, kama anavyomfunika Tusekile, akaacha majani tu nje.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita alisimama. "Mama Tusekile, unazika nini hapo?"

"Siziki chochote. Nafunika," alijibu. "Nimepewa hivi. Siwezi kuvitazama vikifa."

Asubuhi majani ya juu yalikuwa yameungua, lakini mashina yalichipua tena. Kila yalipopanda, aliyaongezea udongo. Kisha baridi ilipokwisha, majani yaligeuka manjano, yakalala chini, yakakauka. Asegelile alidhani amekwisha kuviua. Njaa alikwisha kuizoea. Kilichomuuma ni kwamba kitu alichopewa kwa moyo kimefia mikononi mwake. Akaanza kufukua kwa vidole, apate hata mbegu kidogo za kumrudishia Bibi Ipyana.

Vidole viligusa kitu kigumu, kikubwa kama ngumi. Akakitoa. Kilikuwa na ngozi laini ya rangi ya mchanga, hakina kijani hata kidogo. Chini yake kulikuwa na kingine, na kingine.

Alimpeleka Tusekile kwa Bibi Ipyana. "Nishikie mtoto mpaka jioni, bibi. Usiponiona, njoo unitazame."

Bibi Ipyana alimwangalia usoni, akampokea mtoto bila kuuliza.

Asegelile alichemsha kiazi kimoja, akakimenya, akakila chote. Kilikuwa cha unga, chenye utamu wa mbali. Akakaa kando ya jiko, mkono tumboni, akingoja maumivu. Maumivu hayakuja. Lilikuja joto tu, na shibe aliyokuwa ameisahau, na machozi ambayo hakuyazuia.

Jioni Bibi Ipyana aliletewa kikapu kilichojaa viazi vilivyochemshwa. Alikula polepole, kisha akauliza, "Umevifanya nini?"

"Nilivifunika visipigwe na baridi."

"Nasi miaka yote tuliviacha juani," alisema yule mzee, akamkatia Tusekile kipande. "Asante, mwanangu. Umetulisha."

Majirani nao walichukua mbegu, wakafunika. Viazi vilikuwa vimekwisha kuonja joto la gizani, havikutaka tena kuzaa juu.

Na tangu siku hiyo kiazi hukaa chini ya udongo, na mkulima hukiinulia udongo shinani kila kinapokua; kinachochungulia nje huwa cha kijani na kichungu kama zamani. Tena kwenye milima ile, mgeni akihamia, hata kabla jina lake halijajulikana, atabishiwa mlango, na anayebisha atakuwa ameshika kikapu cha viazi vilivyochipua.