Kapu la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, kabla noti na sarafu hazijajulikana, mtama ndio ulikuwa fedha. Sogeeni basi msikie. Na wewe mwenye muwa, hebu uweke chini kwanza, unatafuna kwa kishindo na mimi nina hadithi ya maana. Leo nawasimulia habari za Kindi, na siwafichi, namsimulia kwa majivuno. Mwili wake ungeenea ndani ya kofia ya babu yenu, lakini akili! Acheni tu.

Kindi alikuwa mjane. Alikaa na watoto wake ndani ya tundu la mvule mkubwa alioachiwa na mama yake. Binti yake wa kwanza aliitwa Kidawa, kwa hiyo majirani wote walimwita Mama Kidawa.

Ikaja njaa. Mashamba yakakauka yote, isipokuwa la Mzee Kiboko, kule bondeni kando ya mto. Wanyama wakaanza kwenda kwake kukopa mtama. Kiboko alikaa barazani, tumbo limemwagika huku na huku, na mtumishi wake Ngiri akipima kwa kapu.

"Ukichukua makapu matatu, unarudisha manne!" alinguruma Kiboko. "Na kapu langu ni moja tu. Hili la kukopeshea ndilo la kulipia. Nani ana neno?"

Nani angekuwa na neno, na tumbo linauma?

Kindi akakopa makapu matatu. Kwa njaa aliyokuwa nayo, Ngiri alipoinamisha kapu la mwisho, maskini akashindwa kujizuia, akaung'ata ukingo wake. Kru! Pakabaki pengo la meno mawili. Alipofika nyumbani akamimina mtama wake, na kila kapu likajaza chungu chake kimoja, sawasawa.

Mavuno yakaja. Kindi akajaza vyungu vinne, akaenda na watoto wake kulipa, kifua mbele. Ngiri akatoa kapu, akamimina chungu cha kwanza. Puuu! Halikujaa. Akamimina cha pili. Chwaaa! Hapo ndipo likajaa. Vyungu vyote vinne vikaishia kwenye makapu mawili.

"Yamebaki mawili," alisema Kiboko huku akipiga miayo. "Na nyongeza moja, matatu. Mavuno yajayo usiponilipa, Mama Kidawa, ule mvule wako naukata. Nataka kuchonga kitanda."

Kindi akautazama ukingo wa lile kapu. Mzima! Hakuna alama ya jino.

"Ala!" akasema moyoni. "Kumbe makapu ni mawili. Dogo la kukopeshea, na hili jambazi la kulipia!"

Njiani alimweleza Kidawa, naye akaanza kulia. "Mama, si ungesema pale pale?"

"Ningesema nini, mwanangu? Mimi niseme yako mawili, yeye aseme ni moja, wamwamini nani? Mimi niliye sawa na ngumi, au yeye mwenye ghala? Futa machozi. Tukifika nitolee kile chungu kirefu."

Tangu jioni ile, kila Kindi alipotaka kusonga ugali, alichota konzi moja ya mtama kabla haujasagwa akaitia ndani ya chungu. Konzi moja, basi. Ugali ukapungua kidogo. Watoto wakanuna.

"Mama, hili si tonge, hii ni dawa!" alilalamika mdogo wao.

"Ndiyo, ni dawa ya deni. Meza!"

Jirani yao Ngedere hakuwaacha wapumue. Yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa na Kiboko mpaka ukucha, lakini kila ngoma alikuwepo, na kila ngoma na shanga mpya.

"He! Shoga yangu, harusi ya Swala huendi?" alimuuliza Kindi. "Au huna cha kuvaa? Kopa bwana, Kiboko yupo!"

"Mwaka huu nina miadi na chungu changu," alijibu Kindi.

"Khaa! Miadi na chungu!" Ngedere akacheka mpaka akaning'inia kwenye tawi. Akaenda kuwatangazia wote harusini kwamba Mama Kidawa amerukwa na akili, anaolewa na chungu.

Kindi aliumia, nisiwadanganye. Lakini alipotaka kusonga ugali, aliingiza tena konzi yake. Hapo ndipo ninapompendea mimi. Kuvumilia njaa, kila mtu huvumilia akikosa. Kuvumilia kuchekwa, na mtama unao ndani, hiyo ni kazi ya watu wachache.

Chungu cha kwanza kikajaa. Cha pili kikajaa. Mawingu ya mvua za kwanza yalipotanda, na cha tatu kikajaa hadi kufurika.

"Sasa tungoje mavuno, tukalipe!" alisema Kidawa.

"Tungoje mavuno atutolee lile kapu jambazi? Thubutu! Tunakwenda kesho, siku ya kukopesha. Nyinyi mtajificha na vyungu nyuma ya kichuguu, hadi niwaite."

Kesho yake baraza la Kiboko lilijaa. Mtama wa mavuno ulikuwa umekwisha majumbani, kila mnyama amekuja kukopa: Swala, Nyani, Nungunungu, na Ngedere na shanga zake. Kindi akapenya katikati ya miguu yao, akapiga goti.

"Shikamoo Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kuutoa mvule?"

"Nimekuja kukopa, Mzee. Nataka makapu kumi. Na mvule niuweke rehani."

Kiboko akakaribia kuanguka kwenye kiti. Kumi! "Ngiri! We Ngiri! Lete kapu upesi!"

Ngiri akaja mbio na lile dogo. Kindi akalitazama ukingoni. Meno yake yale, mawili, kama alivyoyaacha!

"Mzee wangu, usikasirike," alisema kwa sauti ya upole, lakini ya kusikika. "Kuna midomo huko nje inasema una makapu mengi. Mimi nikawaambia, hapana, Mzee wetu hawezi."

"Nani anasema?" Kiboko alinguruma, wote wakarudi nyuma. "Kapu langu ni hili hili! Ndilo la kukopeshea, ndilo la kulipia! Nilikwisha sema, na leo narudia mbele ya wote!"

"Mmesikia, jamani?" aliuliza Kindi.

"Tumesikia!" waliitikia.

"Basi Mzee, nimeghairi kukopa. Nimekuja kulipa. Kidawaaa! Leteni!"

Watoto wakatoka nyuma ya kichuguu, wanahema, vyungu vitatu vichwani. Kabla Kiboko hajafumba mdomo, Kindi amekwisha mimina. Chwaaa! Kapu likajaa pomoni. Likamwagwa ghalani, likaja la pili. Chwaaa! La tatu likajaa, na chini ya chungu zikabaki punje za kutosha uji wa watoto.

"Matatu!" walishangilia wanyama. "Amemaliza!"

Kiboko akavimba macho. "Hapana! Simama! Hajamaliza! Ngiri, usipime na hilo, kalete lile jingine kubwa!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Lile... lipi?" aliuliza Ngedere polepole, ameshika shanga zake.

Lo! Nungunungu akaingia ghalani mwenyewe, akalitoa kapu kubwa akaliweka kando ya lile dogo. Dogo likatumbukia ndani yake, likapotea!

"Mtama wangu!" alipiga kelele Swala.

"Na wangu wa miaka yote!" alilia Ngedere. "Turudishie, we mzee!"

Wakamwendea wote kwa pamoja. Kiboko akakurupuka, bum bum bum, hadi mtoni, tubwi! Akazama, akaacha macho na pua tu. Mpaka leo anashinda majini mchana kutwa, anachungulia kama wadai wake bado wapo ukingoni. Hutoka kula usiku, wakilala.

Na Kindi? Alipanda mvule wake hadi tawi la juu kabisa, akainua mkia, akapiga kelele bonde zima likasikia: "Sidaiwi! Mimi Mama Kidawa, sidaiwi na mtu!"

Chini yake akasimama Ngedere, ameinamisha kichwa. "Shoga, kile chungu chako... ulikuwa unafanyaje?"

"Njoo jioni nikisonga ugali," alijibu Kindi. "Na uje na chungu chako."

Haya, muwa wako huo, tafuna sasa. Uongo uliomo ni wa Kiboko, ujanja wote ni wa Kindi, na la kushika ni hili: weka konzi yako kila siku hata wakikucheka, maana asiyedaiwa, hata akiwa mdogo kama ngumi, huongea na wakubwa ameinua kichwa.